Refa alipwe kabla ya kipenga, mguu wa kijana sio wa bure

Vijana wenzangu, leo tuongee mpira. Na ukiongea mpira Kigoma umeshaongea siasa, tusidanganyane. Hakuna anayetaka udiwani Gungu, Buzebazeba, Kibirizi au Bangwe asiyejua kwamba njia fupi ya kuwapata vijana ni kombe. Unatoa jezi na mipira, unatangaza bingwa atachukua ng'ombe na wa pili mbuzi. Siku ya fainali unakuja na msafara, unakagua timu, unapiga mpira wa kwanza, picha zinapanda mtandaoni. Umemaliza.

Sipingi makombe. Ndondo ndiyo iliyotulea wengi wetu, na mkoa huu umelitolea taifa wachezaji kama Juma Kaseja. Ninachouliza ni mambo mawili ambayo kwenye uzinduzi huwa hayatajwi. Refa analipwa na nani, na lini? Na kijana akivunjika mguu, nani anabeba gharama? Watu wanayaona kama maswali mawili tofauti. Mimi nasema ni swali moja, na mwenye kombe ndiye anayetakiwa kulijibu.

Tuanze na refa. Misimu mitatu sasa napuliza kipenga kwenye mechi za mchangani, najua hela ya mwamuzi inavyotafutwa. Kuna waandaaji wanaosema "mtalipwa kwenye fainali". Kuna wanaoziachia timu zichangie pale pale uwanjani, kila upande utoe chake. Na kuna mechi ambazo mwenyeji ndiye anayekukabidhi bahasha baada ya mchezo, kama ameshinda na moyo wake umetulia. Kwenye kombe moja, silitaji jina, tuliambiwa posho zote tutazikuta siku ya mwisho. Fainali ikachezwa, ng'ombe akaondoka na shangwe, sisi tukaambiwa mdhamini bado hajaleta. Mpaka leo hajaleta.

Mtu atasema hayo ni matatizo ya marefa, wakae na viongozi wao wayamalize. Hapana. Hebu fikiria dakika ya 20. Beki wa timu mwenyeji anaingia na njumu juu, anamkosa winga kidogo tu. Kila mtu uwanjani ameona. Sheria iko wazi, ile ni nyekundu. Lakini refa anajua hela yake iko mfukoni kwa kiongozi wa timu hiyo hiyo. Anajua hakuna polisi, hakuna uzio, mashabiki wamesimama juu ya chaki. Anatoa onyo la mdomo. Dakika ya 60 beki yule yule anaingia tena, na safari hii hakosi.

Kwa hiyo hata mguu ule ulivunjika kwa sababu ya posho. Kadi nyekundu ndiyo kinga ya kwanza ya mchezaji, inakuja kabla ya barafu na kabla ya machela. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu inampa refa mamlaka ya kusimamisha mchezo mtu akiumia vibaya, kumtoa nje anayevuja damu, na hata kuuvunja mchezo hali ikiharibika, mfano radi zinapoanza kupiga kama tunavyozijua za huku kwetu masika. Mamlaka hayo yote yanamtaka refa asiyemwogopa mtu. Refa mwenye njaa, anayelipwa na mmoja wa wanaogombana, ana kipenga tu, mamlaka hana.

Sasa tuje kwa mchezaji. Huku ziwani mguu ndio mtaji. Kijana wa mwalo wa Kibirizi au Katonga anasimama kwenye mtumbwi usiku kucha akivuta nyavu za dagaa na migebuka. Mwingine anabeba mizigo bandarini, mwingine bodaboda, mwingine anakamua mawese. Hakuna hata mmoja kati yao anayelipwa akiwa amelala. Mfupa wa muundi ukivunjika, kupona kwake kwa kawaida ni miezi minne mpaka sita, na hapo umetibiwa vizuri.

Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti? Miezi mitatu tu, na kila mtu alijua maana yake jikoni. Basi mguu uliovunjika unamfungia kijana mmoja ziwa kwa muda mrefu kuliko huo, na yeye hana mkutano wa wadau wala mtu wa kumtafutia shughuli mbadala. Anabaki na mama yake, na bakuli linalopitishwa uwanjani siku ile ile. Wiki ya pili bakuli halipiti tena. Kama hela haitoshi Maweni, anapelekwa kwa fundi wa mifupa mtaani, anafungwa vibao, mguu unaunga umepinda. Ukimwona baada ya mwaka anachechemea, watu wanasema "alikuwa anajua mpira yule".

Kisheria yukoje? Hapa ndipo wengi tunadanganywa. Tanzania tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Mfuko huo ni wa mtu mwenye mwajiri. Mchezaji wa klabu ya Ligi Kuu mwenye mkataba wa ajira ana mahali pa kuanzia. Kijana wa Kitongoni anayecheza kwa ajili ya jezi na soda hana mwajiri, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa. Mchezaji wa timu ya taifa naye ana pa kuegemea, kwa sababu FIFA tangu mwaka 2012 ina mpango wa kuilipa klabu mshahara wa mchezaji aliyeumia akiwa na taifa lake. Ukishuka mpaka mchangani, unakuta ule msemo wetu tu: "mpira ni mchezo wa kuumizana."

Msemo huo una ukweli nusu. Anayeingia uwanjani amekubali kugongana, kuteleza, hata kuteguka. Hajakubali kuchezewa rafu ya makusudi, wala kucheza kwenye uwanja wenye vipande vya chupa, wala kulala chini nusu saa kwa sababu hakuna aliyefikiria usafiri. Uingereza, ambako tulirithi sehemu kubwa ya sheria zetu za madai, Mahakama ya Rufaa mwaka 1985 ilikubali alipwe fidia ya pauni 4,900 mchezaji wa ligi ya mtaani aliyevunjwa mguu, na aliyelipishwa ni yule aliyemchezea rafu. Kumbuka, hao hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa watu wa ndondo kama sisi.

Na refa naye yumo. Sheria ile ile ya 5 inasema mwamuzi hawajibiki kwa kuumia kwa mchezaji. Lakini hiyo ni kanuni ya mchezo, haimzuii hakimu. Mwaka 2003 huko huko Uingereza, mahakama ilimwona refa wa raga wa ngazi ya chini kule Wales kuwa alifanya uzembe, alipomruhusu mchezaji asiye na uzoefu acheze nafasi ya hatari, na mwenzake akaishia kupooza. Mzigo ule ulibebwa na chama cha raga cha Wales, refa hakuachwa peke yake. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, ila wakili anaweza kuzishika akasimama nazo. Siku atakapojitokeza wakili wa namna hiyo Kigoma, nani atambeba refa ambaye hata posho yake hajapewa?

Najua jibu litakalokuja: "Mnataka kuua ndondo, hela hiyo haipo." Haya, tupige hesabu ya mfano. Timu 16, mtoano, mechi 15. Mpe refa wa kati 15,000 na washika vibendera 10,000 kila mmoja, ni 35,000 kwa mechi, jumla 525,000. Ongeza mtu wa huduma ya kwanza kwa 15,000 kila mechi, ni 225,000. Halafu kila timu iweke 20,000 kwenye mfuko wa majeruhi, hiyo ni 320,000, na mwenye kombe aweke kiasi kile kile. Mfuko una 640,000 kabla mpira haujachezwa. Yeye mwenye kombe jumla ametoa 1,070,000. Anayeweza ng'ombe, mbuzi, jezi, mabango, spika na msafara wa magari, hiyo nayo anaiweza. Kama haiwezi, apunguze mabango.

Na hela hizo zisikae mfukoni kwa mtu. Waandaaji waziweke kabla ya mechi ya kwanza, mbele ya KIREFA na afisa michezo wa Manispaa, na bila risiti ya akiba hiyo kombe lisipewe waamuzi wala ratiba. Refa achukue chake kabla ya kupuliza, asimdai mtu. Makubaliano yaandikwe, hata karatasi moja inatosha. Ndiyo, Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo unakanwa, karatasi haikanwi.

Upande wa matibabu, tuache kujifariji na ahadi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa nini fomu ya usajili wa timu isiwe na sehemu ya namba ya bima ya kila mchezaji? Kule Uingereza timu ya watu wazima ya mtaani inatakiwa kuwa na bima ya ajali ya wachezaji ndipo itambuliwe. Sisi tunauliza picha ya pasipoti na barua ya mtendaji tu.

Hili sio la kuwanyooshea kidole watu wa CCM peke yao. Manispaa ya Kigoma Ujiji iliongozwa na upinzani kuanzia 2015 mpaka 2020, kisha ikarudi kwao. Kijana aliyevunjika mguu haulizi ni kadi ya chama gani ilikuwa kwenye bango. Ndiyo maana naanza na sisi wenyewe. Kombe lolote litakalobeba jina la chama chetu, la tawi, kata au jimbo, lisizinduliwe mpaka posho za waamuzi zote ziwe zimewekwa, mfuko wa majeruhi una hela, na kila mechi ina machela, vibao vya kufungia mguu na chombo cha kumpeleka mtu hospitali. Tukishafanya hivyo tutakuwa na mdomo wa kumuuliza mbunge, diwani na mfanyabiashara yeyote.

Wewe unayesoma hapa, kama ni kiongozi wa timu, kazi yako ni nyepesi. Kwenye kikao cha ratiba, kabla ya kusaini, simama uulize: hela ya refa iko wapi, na mfuko wa majeruhi una shilingi ngapi? Wakikujibu "tutaangalia", usisaini. Timu nne zikigoma kusaini, kombe halichezeki, na mwandaaji atazitafuta hela hizo kabla ya Ijumaa.