Dawa ya Deni ni Kulipa

Huko Bunju, kandokando ya njia ya Bagamoyo, tunazijua nyumba zilizofika kwenye lenta zikasimama. Wenyewe ni walimu, wauguzi na makarani waliolitumikia taifa miaka thelathini na zaidi. Walinunua viwanja kwa kudunduliza, wakitumaini kwamba mkupuo wa kustaafu ndio utakaoleta mabati.

Ndugu zetu hawa hawaombi sadaka. Kila mwezi mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa asilimia 15, zote zikaingia katika mfuko wa PSSSF. Fedha hizo ni ujira wa jasho uliowekwa akiba. Basi pensheni ni deni, wala si hisani.

Lakini hesabu ya deni hili imekuwa ikigeukageuka. Waliokuwa katika mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF walijua watapewa nusu ya mafao kwa mkupuo. Mwaka 2018 kanuni mpya zikasema robo. Wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba mwaka ule ule Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa, kwa hao hao, hadi 40. Twashukuru kwa nyongeza hiyo. Hata hivyo, arobaini si hamsini.

Tunaambiwa kwamba mkupuo ukipungua, pensheni ya mwezi huongezeka. Ni kweli. Lakini pensheni ya mwezi hununua unga na dawa, haiezeki nyumba.

Tena tuwakumbuke watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika 1977, serikali tatu zikapatana 1984 juu ya mali na madeni, lakini miaka ya 2000 wazee wetu walikuwa bado wakidai. Wengine walizikwa na madai yao. Aibu ile isirudi!

Kwa hiyo twasema: anayekaribia kustaafu asibadilishiwe hesabu. Jalada lake likaguliwe angali kazini, ili siku ya kuaga isiwe siku ya kuanza kuzunguka maofisini. Na matawi ya chama, Bunju na kwingineko, yawatembelee wazee hawa, yapokee malalamiko yao na kuyafikisha juu bila woga.

Shukrani ya punda ni mateke. Shukrani ya taifa huru isiwe hiyo.