KIMYA CHA NYUMBA YA MJOMBA

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazee wa shule mliotutangulia,

Mwezi wa Novemba mwaka jana bibi yangu, mzaa mama, aliwaita watu wa nyumba yake huko kwetu karibu na Mbale, akasema neno moja tu: nyumba ya mjomba iliyoko Uingereza iuzwe, mwenyewe arudi. Mjomba ni muuguzi, naye alikuwa amenunua nyumba katika mtaa wa kimya, kaskazini ya London. Habari iliyomfikia bibi ilikuwa hii: mwanawe aliugua siku tatu ndani ya nyumba hiyo, hawezi hata kusimama, wala hapana aliyejua. Bibi akasema, "Mwanangu amenunua kaburi lenye madirisha."

Kwa kuwa mjomba alikuwa amekwisha nipelekea nauli ya kumtembelea katika likizo ya Desemba, niliagizwa nikatazame kwa macho yangu, na nikirudi niseme kweli. Nami nimeona vema niseme hapa pia, maana najua wako miongoni mwenu wanaokaa nchi ile na kuweka akiba ya kununua nyumba.

Nakiri kwamba juma la kwanza nilimwunga mkono bibi. Nyumba za mtaa ule zimejengwa mbili mbili, zikishirikiana ukuta mmoja. Mbele kuna bustani ndogo na ua wa miti uliokatwa sawasawa. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi ya jioni, na mara kila dirisha hufungwa pazia. Siku ya Krismasi hapakuwa na gari moshi hata moja. Nilisimama mlangoni nikitega sikio kwa ngoma, watoto, au redio ya jirani. Nilichosikia ni saa ya jikoni nyuma yangu. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Hata hivyo, mjomba hakununua kimya kile kwa ujinga wala kwa majivuno. Yeye hufanya kazi usiku na kulala mchana. Hapo kwanza alipanga chumba juu ya maduka, kando ya barabara kuu, akawa analala na pamba masikioni. Kwake kimya ni dawa. Anayesema kwamba wapenda kimya wana kiburi, na akeshe juma moja katika wodi kwanza, kisha ajaribu kulala penye honi za magari.

Tena, kimya hicho hakikuota chenyewe kama nyasi, watu walikipanda. Mwaka 1898 Ebenezer Howard alitoa kitabu cha kutaka ijengwe miji mipya yenye faida za mji na za shamba pamoja, na mwaka 1903 mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianzishwa. Mwaka 1907 bibi mmoja, Henrietta Barnett, alianza kujenga mtaa wa Hampstead Garden Suburb huko London. Kanuni zake zilikuwa nyumba nane tu kwa ekari moja kwa wastani, miti njiani, na nyua za miti badala ya kuta. Lakini angalieni: bibi yule hakutaka kimya peke yake. Alitaka tajiri na maskini wakae pamoja na kujuana. Leo mtaa ule ni mmojawapo wa mitaa ya bei kubwa kabisa London. Miti imebaki, maskini wameshindwa na bei.

Na sheria nayo hukilinda kimya. Iko sheria ya mwaka 1996 juu ya kelele za usiku, tangu saa tano hata saa moja ya asubuhi. Iko ya mwaka 2003 inayomruhusu mtu kushitaki kwa halmashauri ikiwa ua wa jirani, wa miti isiyopukutisha majani, umepita meta mbili na kumzibia mwanga. Kwa hiyo anayenunua nyumba huko hanunui matofali tu; hununua na mipaka ya kila mtu.

Ununuzi wenyewe una taabu yake. Bei ikikubaliwa kwa mdomo, nyumba bado si yako. Mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyotiwa sahihi, kila mmoja aweza kujitoa. Mjomba alipoteza nyumba ya kwanza kwa njia hiyo, baada ya kumlipa wakili na mkaguzi wa majengo. Hii ya pili ataimaliza kuilipa, Mungu akipenda, baada ya miaka 25. Katika karatasi anazojaza mwenye kuuza, huulizwa kama ana ugomvi na majirani. Nilipozisoma nilijiuliza: mbona hapana mahali pa kuuliza ni jirani gani atakayekugongea mlango siku utakaposhindwa kuinuka?

Basi sikilizeni jinsi mjomba alivyopona. Aliugua akiwa katika likizo yake, kwa hiyo hospitali haikumtafuta. Mapazia yake hufungwa mchana siku zote, kwa hiyo hayakuwa ishara ya jambo lolote. Kilichomwokoa ni pipa la takataka. Siku ya tatu ilikuwa siku ya gari la takataka. Kila mtu alitoa pipa lake njiani, isipokuwa yeye. Ng'ambo ya barabara anakaa mama mmoja mzee, mjane. Aliona. Akaja, akagonga, akaita kwa tundu la barua, kisha akapiga simu kuomba msaada.

Nilikwenda kumshukuru mama yule kwa niaba ya bibi. Akanipa chai, akanieleza jambo ambalo halijanitoka moyoni. Alisema aliona pipa halipo tangu asubuhi, lakini alisimama dirishani hata saa sita akijiuliza kama haingekuwa utovu wa adabu kumsumbua kijana wa watu. Nikamwuliza ni nini kilichomtia moyo. Akajibu kwamba siku moja ya upepo mjomba alimrudishia pipa lake lililokuwa limeanguka njiani, akamwamkia na kumwuliza hali. Ilikuwa mara moja tu katika miezi minane.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Wenzangu wengine bwenini wasema kwamba watu wa mitaa ile hawana utu. Mimi nakataa. Macho wanayo, na huona hata pipa. Ila wamefundishwa kwamba kumheshimu jirani ni kumwacha, kama sisi tulivyofundishwa kwamba kumheshimu ni kumwendea. Adabu yao ni njema, lakini yaweza kumwacha mtu afe nyuma ya pazia huku jirani akiogopa kumsumbua. Kadhalika mgeni wetu akifika, huona kimya, hudhani amekataliwa, naye hujifungia. Basi wote wawili huwa na adabu, na hapana ajuaye jina la mwenzake.

Kwa hiyo neno langu kwenu, wazee wa shule, ni hili. Mkiwa na haja ya kimya, kinunueni, si dhambi. Lakini juma la kwanza, kabla hamjatundika mapazia, nendeni mkagonge milango minne: wa kuume, wa kushoto na miwili ya mbele. Semeni jina lenu na saa za kazi yenu. Acheni namba ya simu. Kwa yule mtakayemwamini, wekeni na ufunguo. Semeni wazi, "Mkiona jambo, gongeni, hamtanisumbua." Msingoje wao waanze, maana wao wanangoja ruhusa yenu. Mjomba sasa amefanya hivyo. Yule mjane alimtaka amwite kwa jina lake tupu. Mjomba hakuweza, humwita Mama, na mjane ameridhika.

Niliporudi nilimweleza bibi yote. Alinyamaza kwa kitambo, kisha akaniuliza, "Huyo mama, ana watoto?" Nikasema wako mbali. Hakusema tena habari ya kuuza. Baada ya siku mbili alinipa furushi la kahawa ya mlima wetu, aliyoikaanga mwenyewe, nimtafute mtu anayekwenda Uingereza alipeleke. Juu yake alitaka niandike: si la mjomba, ni la ng'ambo ya barabara.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita