Bima ya Afya na Ndoa Zinazosubiri Mtoto



Katika mashauri ya ndoa yanayoletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti, limo moja linalojirudia. Ndoa ina miaka kadhaa, mtoto hajapatikana, ukweni wameanza kusema, na anayenyooshewa kidole ni mke. Tukiuliza kama mume naye amepimwa, huinamisha kichwa. Tukiuliza kwa nini matibabu yalikatishwa, jibu huwa ni fedha.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi maishani mwake. Tatizo hilo huweza kuwa la mume, la mke au la wote wawili. Ni maradhi, si aibu. Hata hivyo, bima nyingi za afya hazilitazami hivyo. Kadi humfikisha mtu kwa daktari, pengine na kwenye baadhi ya vipimo. Ikifika zamu ya kupandikiza mimba, familia huachwa na mfuko wake.

Tutazame Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake. Massachusetts ililazimisha bima kulipia matibabu hayo tangu mwaka 1987; majimbo mengi hayakufanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa penye bima kamili waliotibiwa walikuwa wengi zaidi. Ulionesha pia kuwa huko viinitete vilivyopandikizwa kwa mara moja vilikuwa vichache, na mimba za watoto watatu au zaidi zilikuwa chache. Nasi twaiona hekima yake: aliyeuza kiwanja ili alipie jaribio moja hutaka apate yote siku hiyo, ijapokuwa ni hatari kwa mama na watoto. Mwenye bima huweza kusubiri jaribio la pili.

Kwa upande wa sheria yetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu njia hii penye haja, kwa sharti kwamba mbegu ni ya mume, yai ni la mkewe, na tumbo ni la mke huyo huyo.

Basi tunausia mambo matatu. Waume wapimwe pamoja na wake zao, tena mapema. Kabla ya kuanza matibabu, ulizeni bima yenu kwa maandishi inalipia nini na inaishia wapi, msije mkauza nyumba katikati ya safari. Na wazazi wetu wazuie ndimi zao: Nabii Zakaria (a.s.) alimwomba Mola wake mtoto akiwa mzee na mkewe akiwa tasa, na heshima ya nyumba yake haikupungua.

Mtoto ni riziki itokayo kwa Allah. Kadi ya bima haiumbi. Lakini ndoa isivunjwe kwa kosa la mke ilhali kilichokosekana ni malipo ya hospitali.

Wabillahi tawfiiq.