Jengo la usiku mmoja

Ndugu mwandishi, umelipita haraka jambo lililo kiini cha picha hii ya kuchongwa. Jengo linaloonekana humo, la sherehe ya Chinea, halikuwa la kukaa. Lilikuwa mbao, turubai, plasta na rangi, likisimamishwa Roma ili fataki zirushwe kutoka humo, mwezi Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, mfalme wa Napoli alipokuwa akimtolea Papa kodi yake ya kila mwaka: farasi mweupe na fedha. Paolo Posi alisanifu mengi ya majengo hayo. Giuseppe Vasi ni mmoja wa waliochonga picha za majengo hayo.

Hawa wachongaji ndio ninaowavulia kofia. Bamba la shaba hupakwa nta, mistari ikachorwa kwa sindano, kisha tindikali ikala palipokwaruzwa. Tazameni mawingu, nguzo, nguo za sanamu: vyote ni mistari mitupu! Moshi wa fataki ulipotoweka, karatasi ndiyo iliyobaki. Mwaka 1788 mfalme aliacha kumpeleka farasi, sherehe ikakoma.

Tafadhali tuwekeeni picha kubwa zaidi, tuwaone na wale watu wadogo waliosimama chini uwanjani.