"Mimi Mpita Njia Tu": Madai Matano Yanayowaponza Wasafiri

Uchaguzi ukikaribia, au vita ikichacha mashariki mwa Kongo, ushauri wa safari hautafutwi mbali. Umejaa stendi, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwingi hutolewa kwa nia njema, lakini baadhi yake unapingana na mambo tuliyokwisha kuyaona. Tuyapime madai matano yanayosikika sana.

1. "Siasa hazinihusu, mimi mpita njia tu."

Anayefunga barabara haulizi unahusika na nini. Januari 2008, matokeo ya urais wa Kenya yalipozua ghasia, kwenye vizuizi vya Bonde la Ufa abiria walidaiwa vitambulisho na kupimwa kwa majina na lugha zao. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na mafuta yakaadimika hadi Uganda na Rwanda, kwa watu ambao hawajawahi kupiga kura Kenya. Ugeni si kinga. Kinga ni kutokuwa barabarani tangu siku ya kura hadi matokeo yatangazwe na hali itulie.

2. "Nina simu, inatosha."

Uganda ilizima intaneti katika mkesha wa uchaguzi wa Januari 14, 2021, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Kwenye uchaguzi wa Februari 2016 hata huduma za pesa kwa simu zilifungwa. Tanzania nayo ilikata intaneti Oktoba 29, 2025, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Sasa mfikirie abiria anayeshuka basi jioni ya siku kama hiyo: tiketi ya kuunganisha iko kwenye barua pepe, nauli iko kwenye simu, namba ya mwenyeji wake iko WhatsApp. Vyote anavyo, na hakuna hata kimoja anachoweza kukitumia. Beba noti za nchi unayokwenda, uzigawe sehemu mbili. Andika namba muhimu kwenye karatasi, na uwe na nakala ya pasipoti kando na pasipoti yenyewe.

3. "Mambo yakiharibika, ubalozi utatutoa."

Ubalozi utajitahidi, lakini usiufanye ndio mpango wako. Mapigano yalipolipuka Khartoum Aprili 15, 2023, uwanja wa ndege uligeuka uwanja wa vita siku ileile. Marekani, pamoja na nguvu zake zote, ilianza kwa kuwaondoa wanadiplomasia wake kwa helikopta, huku raia wake wengi wakibaki mjini. Wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisoma huko walitoka kwa mabasi hadi Ethiopia, ndipo wakapata ndege. Ubalozi humsaidia kwanza yule ambaye alipo panajulikana, kwa hiyo jiandikishe ukifika, usisubiri risasi. Soma pia bima yako: nyingi hazilipi hasara za vita na ghasia.

4. "Magari ya mashirika makubwa hayaguswi."

Februari 22, 2021, balozi wa Italia nchini Kongo, Luca Attanasio, alikuwa kwenye msafara wa Mpango wa Chakula Duniani katika barabara ya Goma kwenda Rutshuru, barabara iliyokuwa imeruhusiwa kupitika bila ulinzi wa askari. Waliviziwa kaskazini mwa Goma. Balozi, mlinzi wake na dereva wao Mkongo wakauawa. Nembo mlangoni si ngao, na ruhusa ya jana haisemi lolote kuhusu leo. Wanaojua ya leo ni madereva na matingo, ilimradi uulize vizuri. Ukiuliza "kuko salama?", utajibiwa "hakuna shida", kwa sababu ndivyo mgeni anavyojibiwa. Uliza: gari la mwisho kutoka huko limeingia saa ngapi? Wenzenu jana walilala wapi? Kwenye vizuizi wanadai nini?

5. "Kongo yote inawaka, usikanyage."

Hili ni kosa la upande wa pili. Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na safari za kawaida za ndege zikakoma. Lakini Lubumbashi, katika Kongo hiyohiyo, iko zaidi ya kilomita 1,000 kusini, na malori ya kutoka bandari ya Dar es Salaam huifikia kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa bila kuikaribia Kivu, eneo iliko Goma. Anayeiogopa nchi nzima kwa jumla hujifungia riziki. Mbaya zaidi, akigundua kuwa si kote kunakowaka, huzoea kupuuza kila onyo, hata lile la kweli. Hatari ipimwe kwa barabara, kwa mji na kwa siku.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, hakikisha una majibu ya maswali matatu: nitatokea wapi njia hii ikifungwa, nitakula nini mtandao ukizimwa, na nani anajua nilipo? Ukikosa jibu hata la moja, ahirisha safari. Biashara itakusubiri.