Kabla ya kumpa maikrofoni

Kila sekunde, nyutrino zaidi ya bilioni 60 kutoka kwenye jua hupenya ukucha wa kidole chako gumba, nawe huhisi kitu. Wolfgang Pauli alizikisia mwaka 1930. Zikanaswa na vipimo mwaka 1956, Marekani, kando ya mtambo wa nyuklia. Uzito wake haujulikani mpaka leo.

Huko Milano, Italia, watafiti wa mradi wa HOLMES wanautafuta kwa njia inayonivutia. Wanatumia aina ya metali ya holimi, ambayo atomu yake humeza elektroni yake yenyewe na kutoa nyutrino. Nyutrino inaondoka zake. Wao wanapima joto lililobaki. Kipimo chao ni utando wa superkondakta, yaani metali ambayo ikipoa sana hupitisha umeme bila kuuzuia hata chembe. Wanaupoza hadi karibu na kikomo cha baridi, digrii 273 chini ya sifuri, kisha wanaushikilia pale mpakani, unapotaka kuanza kuzuia umeme. Joto dogo mno likiufikia, umeme unayumba. Kilichopungua kwenye hesabu ya joto ndicho kitakachofichua uzito wa nyutrino.

Wazo la holimi lilitolewa mwaka 1982. Mwaka 2025 HOLMES wakatangaza nini? Kwamba uzito hauzidi kiasi fulani. Basi. (Na tafadhali, wahubiri, msiigeuze nyutrino kuwa uthibitisho wa malaika. Ni chembe tu.)

Sasa tazama ibada zetu za shuhuda. Mgonjwa wa kisukari anaombewa Ijumaa, Jumapili anasimamishwa madhabahuni atangaze amepona, na hakuna aliyempima. Wiki inayofuata ameacha dawa. Mazishi yanayofuata hapo hayatolewi ushuhuda.

Mungu anaponya, hilo silitilii shaka. Lakini wale kumi wenye ukoma katika Luka 17, Yesu aliwaagiza wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa torati ndio waliokuwa wakaguzi wa ugonjwa huo. Hakuuona ukaguzi kuwa upungufu wa imani.

Kipimo cha sukari kipo katika zahanati nyingi, na majibu hutoka kwa dakika chache. Mchungaji, mpeleke mwumini wako akapimwe kwanza. Akiambiwa aendelee na dawa, mpe maikrofoni aseme hilo pia.