Waziri wa mazingira na kawi Kiambu: Jina kubwa, mamlaka ya kuazima

IWAPO mkazi wa mtaa wa Membley, Ruiru, ataamka asubuhi na kukuta rundo la taka kando ya barabara, taa za mtaani zimezimika, na usingizi wake umekatizwa usiku kucha na muziki wa baa, huenda akadhani kwamba malalamishi yake yote matatu yana mlango mmoja wa kubisha. Kaunti ya Kiambu ina idara inayobeba maji, mazingira, kawi na maliasili kwa pamoja, na ina mtu aliyeteuliwa kuiongoza. Jina la idara latosha kumpa mkazi huyo matumaini. Lakini akiufuata ugawaji wa mamlaka kwa makini, atagundua kwamba msimamizi huyo ana sauti kamili katika jambo moja tu kati ya hayo matatu, nalo ni taka.

Kwanza tusahihishe neno. Sisi wa vyombo vya habari tumezoea kumwita mtu huyu "waziri wa kaunti", na mimi mwenyewe nimelipitisha neno hilo mara nyingi katika kurasa nilizohariri. Katiba ya 2010 haimjui waziri wa namna hiyo. Kifungu cha 179 kinamtaja mwanachama wa kamati kuu ya kaunti, anayeteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na ambaye hapaswi kuwa diwani. Kiambu yenye wadi 60 inaruhusiwa wanachama wasiozidi 10. Kifungu hichohicho kinasema wanachama hao wanawajibika kwa gavana katika utendaji wao. Mpiga kura wa Membley hakumchagua, wala hana namna ya kumwondoa debeni.

Madiwani wanayo njia. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, hoja inayoungwa mkono na angalau thuluthi moja yao yaweza kuanzisha safari ya kumtimua mwanachama wa kamati hiyo. Hata hivyo, wakazi wa Kiambu wanajua zaidi kuhusu kutimuliwa kwa aliyewateua. Madiwani walipiga kura ya kumng'oa Gavana Ferdinand Waititu Desemba 2019, Seneti ikaidhinisha mwezi uliofuata, na naibu wake James Nyoro akashika usukani hadi 2022, Kimani Wamatangi alipochaguliwa. Mteule ambaye cheo chake kinategemea hisani ya gavana hawezi kupanga jaa la taka la miaka ishirini ilhali hajui kama atamaliza mitano.

Turejee kwenye taka. Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi kaunti uzoaji na utupaji wa taka, na ni ajabu kidogo kwamba kazi hiyo imewekwa chini ya huduma za afya, wala si mazingira. Waandishi wa Katiba walikuwa na hoja: taka zisizozolewa ni kipindupindu kabla ya kuwa uchafuzi wa mandhari. Baadaye ikaja Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022, ambayo inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando. Nyumba nyingi katika mitaa kama Membley hulipa wazoaji binafsi. Mwenye nyumba akitenganisha taka zake kwa uaminifu, kisha lori likazichanganya tena langoni, sheria hiyo inabaki mapambo.

Jaa kuu la kaunti lipo Kang'oki, Thika, zaidi ya kilomita 20 kutoka Membley. Hapo palijaribiwa mbinu ya Fukuoka kutoka Japani, kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat. Mabomba yenye matundu hutandazwa chini ya taka ili maji machafu yatoke na hewa iingie; taka huoza upesi na gesi ya methani hupungua. Ni mbinu nzuri na ya bei nafuu. Lakini mbinu hiyo haijibu swali la lori. Mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 katika sensa ya 2019, karibu mara mbili ya Thika, ilhali Thika ndiyo yenye jaa. Kila tani ya Ruiru inalipiwa mafuta ya lori kabla haijalipiwa kitu kingine chochote.

Na mji huo ulikuaje hivyo? Hapa ndipo udhaifu wa cheo hiki unapoonekana waziwazi. Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika 2012, mashamba ya kahawa yaligeuka ploti, na ploti zikageuka majumba ya ghorofa. Ruhusa ya ujenzi hutolewa na idara ya ardhi na mipango. Leseni ya tathmini ya athari za mazingira hutolewa na NEMA, asasi ya serikali ya kitaifa. Msimamizi wa mazingira wa kaunti huja wa mwisho, jengo likiwa limejaa wapangaji na tangi la maji taka limefurika. Ni kweli kwamba, tangu marekebisho ya 2015 ya sheria ya mazingira, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kaunti. Lakini anayekata leseni bado ni mwingine.

Kelele nazo ni vivyo hivyo. Katiba inaipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa sauti, lakini leseni ya pombe hutoka kwenye dawati jingine. Yule anayepokea ada ya baa si yule anayepokea simu za waliokosa usingizi.

Upande wa kawi ndio wenye kinaya kikubwa zaidi. Jedwali la Nne linaipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi. Maneno yaleyale yamo pia katika orodha ya majukumu ya serikali ya kitaifa, chini ya sera ya kawi. Katika mvutano wa namna hiyo, mwenye nyaya hushinda. Sheria ya Kawi ya 2019 imezitaka kaunti ziandae mipango yao ya kawi na kuiwasilisha kwa waziri wa kitaifa. Nyaya, transfoma na bili vimebaki kwa Kenya Power, na bei kwa EPRA. Hata taa za barabarani, katika baadhi ya kaunti, huhesabiwa chini ya barabara na ujenzi.

Tuliona Nairobi mvutano huo unavyoweza kuishia. Februari 2025, Kenya Power ilikata umeme wa kaunti kwa deni la zaidi ya Sh3 bilioni. Kaunti nayo ikadai ada za ardhi inakopita miundomsingi ya kampuni hiyo, na malori yakamwaga taka mbele ya Stima Plaza. Taka na stima vilikutana lango moja, na aliyeumia ni mfanyakazi na mteja waliopita hapo.

Historia yenyewe yacheka. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nairobi ilipata umeme kutoka maporomoko ya Mto Ruiru, na miaka ya 1920 kituo cha Ndula kikajengwa kwenye Mto Thika. Eneo lililowasha taa za jiji leo lina msimamizi wa kawi asiyemiliki nguzo hata moja.

Mkazi wa Membley hajaachwa mikono mitupu. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba amepata hasara. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Iliyo fupi ni ya bajeti: makadirio ya kaunti hufikishwa kwa madiwani kufikia Aprili 30, na umma una haki ya kuyahoji. Swali la kuuliza hapo ni fedha za malori na kituo cha kutenganishia taka Ruiru, na liulizwe mara mbili, kwa idara ya mazingira na kwa ile ya ardhi inayokusanya ada za kila ghorofa jipya.